Niulize, Ukishauliza Niulize Tena

Jumatatu, 3 Juni

Bwana Nukta kaniita ofisini hata chai sijaikoroga. Ndiye meneja wa jengo. Tunamwita hivyo kwa sababu kila akimaliza kusema huitamka nukta kwa mdomo, kama mtu anayepigilia msumari. Mkononi alikuwa na baruapepe yangu kwa wapangaji, ile ya lifti kusimama kwa matengenezo. Kaichapisha kwenye karatasi! Bosi akishachapisha maneno yako, ujue hayajamfurahisha.

Kosa liko mwisho. Nilimalizia hivi: "Mwenye swali aseme." Mimi niliona ni ukarimu. Wapangaji wameona ni ngumi. Mmoja kauliza tangu lini jengo hili linatafuta ugomvi. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya saba kapiga simu kusema amefundisha watoto watukutu maisha yake yote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsemesha kwa sauti ile. Nikajitetea kwamba baruapepe haina sauti. Bwana Nukta akasema yangu inayo. Nukta.

Nimeumia. Mimi! Mtu niliyepika melini, nikaamkiana na watu katika bandari ambazo hata ramani huzitaja kwa mashaka. Shule kweli sikuimaliza, tuliachana kwa amani, lakini adabu haifundishwi ubaoni.

Kumbe lilikuwepo na la pili. Jengo linataka Mkuu wa Mawasiliano. Atachaguliwa Ijumaa, kati yangu na Rula. Rula ni mwenzangu wa meza ya pili. Anakaa wima, anaandika wima, hata ndizi anaimenya kwa mstari. Wiki hii kila mmoja wetu ataandika matangazo, na Bwana Nukta atapima. Na Mkuu wa Mawasiliano anapewa chumba. Chenye mlango! Ni kile cha mwisho wa korido, sasa hivi kina mifagio na ndoo za rangi, lakini mlango ni mlango.

Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba huenda nikapata. Akampigia mama yake akamwambia huenda. Hiyo "huenda" sijui iliangukia wapi njiani, maana nilipotoka kuoga nilikuwa nimeshapanda cheo, na mama mkwe anakuja Jumamosi kuuona mlango.

Huyu ndiye mama aliyesema siku ya posa yetu, mbele ya wajomba wote, kwamba binti yake anaolewa na mdomo. Mdomo mtupu, hauna mikono wala miguu. Miaka imepita na msemo bado unazunguka kwenye ukoo. Watoto wa shemeji wananiita Baba Mdomo. Wananiita kwa heshima, lakini wananiita.

Mlango ule lazima niupate.


Jumanne, 4 Juni

Zamu yangu: tangazo la kusafisha matangi. Maji yatafungwa kutwa nzima. Mwili wa barua nimeumaliza haraka, ule anauweza yeyote. Ufundi uko mkiani.

Rula kaniazima mkia wake bila kuombwa: "Ukiwa na swali, tafadhali usisite kuwasiliana nasi." Nimeukataa. Usisite! Nani kakwambia nasita? Nikampigia mke wangu kuuliza anaonaje. Akasema mgeni ukimwambia usisite kula, anaanza kukikagua chakula. Nampenda sana huyu mwanamke.

Kufika adhuhuri chungu kilikuwa kimeiva. Nainakili hapa, vizazi vione:

"Kwa heshima na taadhima, na kwa unyenyekevu usio na kifani, nakuomba uniulize. Ukishauliza, niulize tena. Hakuna swali dogo, hakuna swali la aibu, hakuna saa mbaya. Mlango wangu uko wazi."

Mlango bado sina, lakini mtu hujitabiria mema.

Tangazo la Rula ni la maegesho ya magari. Mistari minne! Siku, saa, gari ulipeleke wapi, kisha "Kwa swali lolote, tupigie." Tupigie! Kama kibao cha mzibua vyoo.

Matokeo? Mafuriko! Kabla ya saa tisa maswali yalikuwa yananimiminikia kama mvua juu ya mabati. Kwa simu, kwa baruapepe, wengine kwa miguu yao. Ajabu ni kwamba wote wanauliza swali moja: maji yatafungwa siku gani? Umoja wa wapangaji wa jengo hili ni wa kupigiwa mfano. Kila mmoja nimemjibu peke yake, kwa upole, Alhamisi, ndugu yangu, Alhamisi, mama, Alhamisi, mpaka sauti ikakauka.

Rula hakupata swali hata moja. Alikuwa anakunywa chai, maskini. Nilimwambia asikate tamaa, ulimi wa asali hauoti kwa siku moja. Akaniuliza kama kwenye barua yangu niliitaja siku. Nikamwambia wivu haujengi.


Jumatano, 5 Juni

Wazo limenijia nikifunga kamba za viatu, mahali ambapo mawazo yangu makubwa huzaliwa. Kwa nini mkia wangu ukae kwenye barua zangu tu?

Nikamtoa fundi wa kompyuta chakula cha mchana. Mzito wa kusema huyu, mwepesi wa kula. Nikamweleza kwamba kila baruapepe inayotoka katika ofisi hii, iwe ya nani, ibebe maneno yangu chini yake, na namba yangu ya simu. Akauliza, hata za bosi? Nikamwambia hasa za bosi, yule mtu anahitaji sukari. Akauliza kama bosi mwenyewe anajua. Nikamwongezea nyama. Alipomaliza kutafuna alibonyeza mahali, akabonyeza tena, ikawa.

Hesabu zangu ni hizi: Ijumaa Bwana Nukta akitazama nani kaulizwa zaidi, jengo zima litakuwa limeniuliza mimi. Rula atarudi kumenya ndizi.

Chai ya alasiri haijafika, simu ikawaka moto. Bwana Nukta alikuwa amemwandikia mpangaji wa ghorofa ya tatu, yule anayepuliza tarumbeta watu wakiwa wamejinyoosha mchana. Barua ilisema: Hili ni onyo la mwisho. Halina mjadala. Na chini yake, kwa maandishi ya buluu: niulize, ukishauliza niulize tena, hakuna saa mbaya.

Basi akaja kuuliza. Kaja na tarumbeta lake! Akauliza kelele ni kitu gani hasa, na nani aliyeipima, na kwa kipimo gani, na yule mtoto wa ghorofa ya nne anayelia mpaka vyombo vinatikisika, naye kaandikiwa onyo? Nikaona mtu ana hoja. Akasema ngoja nikupulizie kidogo usikie mwenyewe. Bwana Nukta alipofungua mlango alitukuta hivyo, yeye mashavu yamejaa, mimi nimefumba macho. Nikamwambia bosi mjadala unaendelea vizuri.

Jamaa mwema sana. Tumekubaliana apulizie kwenye paa.

Mwalimu mstaafu naye kapiga. Anataka kujua lifti itapona lini, maana tangazo langu lilisema tu imesimama. Ijumaa asubuhi ana miadi hospitali ya macho, kaingoja tangu mwaka jana, akiikosa atarudishwa nyuma ya foleni na jicho moja linazidi kuingia ukungu. Magoti yake na ngazi hawasalimiani. Ukweli ni kwamba hata mafundi hawajui. Kuna kifaa kimeagizwa, kiko njiani, njia gani hawasemi. Lakini mimi ningeanzaje kumwambia mama mtu mzima sijui? Nikamwambia mama, ondoa shaka, lifti isipopona nitakushusha mimi kwa mikono yangu. Akasema haya, mwanangu, nitakuwa nimekaa mlangoni na viatu nimevaa.

Lifti itapona. Sina wasiwasi.


Alhamisi, 6 Juni

Siku mbaya. Mbaya!

Ghorofa ya tano wamefiwa na babu yao. Bwana Nukta, ambaye chini ya yale manukta ana moyo, kawaandikia yeye mwenyewe baruapepe ya rambirambi. Fupi, nzuri, imetulia. Na chini yake, kwa buluu: "Ukishauliza, niulize tena. Hakuna swali dogo, hakuna swali la aibu."

Mwana mkubwa wa marehemu kanipigia kwa sauti ya chini kabisa. Kauliza: ndugu yangu, kuna kitu mnakijua kuhusu kifo cha baba ambacho sisi hatukijui?

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikapanda ngazi mbilimbili mpaka ghorofa ya tano. Nikaomba radhi. Nikaomba radhi kwa kuomba radhi muda mrefu. Ndipo nikaona: nyumba imejaa wafiwa, na bombani hakuna tone. Leo ndiyo siku ya matangi, na hawa ndio pekee ambao hawakuniuliza ni siku gani. Walikuwa hospitali na mzee wao, swali lilikuwa halipo akilini.

Basi nikashika ndoo. Nikamgongea yule wa tarumbeta, naye akashika ndoo. Tukabeba maji kutoka bomba la bustanini, ambalo halitegemei matangi, mpaka mapipa yakafurika, kisha viti, kisha viti vingine, na katikati ya hayo nikawafundisha wajukuu namna ya kuviringisha yai la kuchemsha bila kulivunja, mambo ya melini. Wakati wa kuaga, yule mwana mkubwa kanishika mkono. Anasema mama yao kaisoma ile barua ya buluu mara mbili, kisha akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kasema mume wake angekuwa hai angepiga simu na kuuliza tena.

Hilo sikulipanga. Lakini nikiulizwa, nililipanga.

Kurudi ofisini, Bwana Nukta ananguruma. Nani kaweka yale maneno? Fundi wa kompyuta kaingia chini ya meza kutafuta waya ambao haujapotea. Mimi nikatazama dirishani kama ndege wamenivutia. Rula akasema, taratibu, kwamba ilikuwa hitilafu na ameshaisimamia ikaondolewa. Kisha akanitazama.

Anajua! Mbona hakunitaja? Nimewaza njia nzima. Jibu ni moja tu, kuna kitu anakipanga. Mtu wa kukutendea wema bila sababu mimi namwogopa.


Ijumaa, 7 Juni

Usaili saa tatu. Shati nimelipiga pasi vizuri, upande wa mbele. Kiatu kinang'aa, mtu angeweza kujinyolea ndevu. Nilikuwa nimeshafika korido, nauona ule mlango kule mwisho, mtu kashaondoa na mifagio, nilipokumbuka viatu vingine.

Mwalimu. Amekaa mlangoni, viatu amevaa.

Nikakimbilia lifti. Nikabonyeza. Nikabonyeza kwa heshima na taadhima. Kimya.

Nilisimama pale. Huku chumba, kule ghorofa ya saba. Nikamwona mama mkwe kwa macho ya moyo, anatafuta mlango, anageuka kwa wajomba, anafungua kinywa. Nikajisema mwalimu ana binamu, binamu ana gari, watajua la kufanya. Halafu nikakumbuka binamu ana gari, hana magoti mapya. Nikamlaani kila mtu aliyevumbua maneno matamu. Nikapanda.

Tulimshusha kwa kiti, mimi mbele, nyuma yule wa tarumbeta niliyempitia njiani. Mwalimu haogopi kitu. Kila kona anatusahihisha: inueni, msivute, mnatembea kama watu walioiba kabati. Ghorofa ya nne akaniuliza, mwanangu, una swali lolote? Nikasema sina pumzi. Akasema tangazo lako la maji nalo lilikuwa hivyohivyo, maneno tele na siku hakuna. Sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu niliyembeba.

Tukamwingiza kwenye gari la binamu yake. Kabla mlango haujafungwa akanishika shavu kama mtoto wa darasa la kwanza.

Usaili niliuingia nimechelewa, shati limenata mgongoni kama stempu. Bwana Nukta hakuniuliza kitu. Nikamwaga hoja zangu: maswali niliyoulizwa hayana idadi, Rula hakuulizwa hata na paka. Akamgeukia Rula, aeleze. Rula akasema walichotaka kujua kilikuwa ndani ya barua. Basi. Bwana Nukta akasema barua nzuri ni ile ambayo mtu akiimaliza hana la kuuliza.

Nikauliza, sasa "karibuni maswali" ya nini, kama hatutaki waulize?

Akavua miwani. Akasema ni adabu, bwana. Mgeni anapoondoka unamwambia karibu tena. Humtegemei arudi na begi kabla hujafunga mlango.

Nikamwambia kwangu mimi hurudi. Akasema hilo analiamini.

Chumba kapewa Rula. Nukta.

Kisha akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye kiatu, ambacho sasa kilikuwa na vumbi la ghorofa saba. Akasema simu yake haijapumzika tangu asubuhi. Ghorofa ya tano wananisifu, wa ghorofa ya tatu ananisifu, binamu wa mwalimu kapiga akiwa barabarani. Maadamu jengo zima limeshaamini kazi yangu ni kuulizwa, niulizwe basi, ila mahali ambapo hawatapita mlangoni kwake. Kuanzia leo meza yangu iko chini, kwenye ukumbi wa kuingilia, kando ya lifti. Nikauliza kama pale pana mlango. Akasema upo, wa jengo.

Mke wangu nikamsihi amwambie mama aahirishe safari. Akaguna. Mama ameshawaaga majirani.


Jumamosi, 8 Juni

Mama mkwe kaja jengoni asubuhi, kaja na dada yake kama shahidi, mke wangu nyuma yao. Nikawaamkia kwa unyenyekevu usio na kifani. Mama mkwe akaitikia nusu, nusu akaiweka akiba. Akauliza: mkwe wangu, mlango uko wapi?

Mpango nilikuwa nao, nililala nao. Nikawakaribisha mezani, nikaonyesha lifti nyuma yangu. Nikasema huu hapa, mama. Wa chuma. Sisi wakubwa hatushiki vitasa, hufunguka wenyewe.

Akavutiwa! Naapa alivutiwa. Akaugusa, akausifu ubaridi wake. Akasema haya, tungoje ufunguke.

Tukangoja.

Dada yake akaomba kiti. Tukangoja. Nikaongelea hali ya hewa, nikaongelea meli, nikaongelea chuma cha zamani kilivyo bora kuliko cha siku hizi. Mama mkwe akaniuliza kama mlango wangu una desturi ya kulala Jumamosi.

Ningefia pale kama asingeingia mwalimu kutoka nje, miwani myeusi usoni, chupa ya dawa mkononi, ananiita kabla hajaniona. Jicho limetengenezwa. Alilala kwa binamu, sasa anataka kwake, ghorofa ya saba. Nikamtazama mama mkwe. Nikamtazama mwalimu. Shati lilikuwa jipya. Nikampigia wa tarumbeta.

Kupanda si kama kushuka. Kupanda ni adhabu. Niliporudi chini, miguu inacheza ngoma yake yenyewe, nikamkuta mama mkwe kakaa kwenye kiti changu! Mbele yake wapangaji wamepanga mstari. Mmoja anauliza lifti itapona lini. Mama mkwe akamjibu: sijui, na hawa nao hawajui, panda ngazi. Yule mtu akashukuru, akapanda ngazi. Sikuelewa. Neno lenyewe halina hata "tafadhali".

Mwana mkubwa wa ghorofa ya tano alikuwa amesimama pembeni. Kumbe alishamweleza mama mkwe habari ya ndoo na viti. Na wa tarumbeta, alipomaliza kuhema, akamweleza habari ya jana, ya usaili na ngazi, akaongeza chumvi kidogo. Nilimwacha aongeze.

Mama mkwe akarekebisha mtandio. Kisha akamwambia dada yake, si mimi, dada yake: "Kumbe mdomo una miguu."

Shahidi kasikia! Mpaka jioni msemo utakuwa umefika kwa wajomba. Mke wangu aliinama kufunga kamba ya kiatu, na viatu vyake havina kamba. Alikuwa anafuta machozi.

Nilifurahi mpaka nikamwambia mama mkwe mlango wa mbao utaletwa wiki ijayo. Wenye kioo.


Jumatatu, 10 Juni

Lifti imepona. Kifaa kiliwasili, njia gani bado hawasemi. Wa kwanza kushuka nayo alikuwa Rula, kutoka chumba chenye mlango. Nikamuuliza, bila kuzunguka, kwa nini Alhamisi alinificha. Akasema ningefukuzwa, simu zote zile zingehamia kwake. Nimefarijika. Nilidhani ni wema.

Kaniletea kazi: tangazo la zoezi la moto kwa wapangaji wote. Kanieleza polepole, kama mtu anayemvalisha mtoto sweta. Siku. Saa. Watokee mlango gani. Mwisho neno moja la adabu, moja tu. Nikamwambia nimeelewa kabisa. Akaniomba nirudie. Nikarudia bila kukosea.

Nimeiandika kwa pumzi moja, na naiona ndiyo bora kuliko zote. Zoezi limetajwa, mlango umetajwa. Kisha mkia:

"Kwa heshima na taadhima, kengele itakapolia, tafadhali usikimbie na swali moyoni. Pita kwanza mezani kwangu, kando ya lifti. Niulize. Ukishauliza, niulize tena. Watu wa ghorofa za juu watasikilizwa kwanza, maana wametoka mbali."

Nimeituma. Nahisi kuna kitu nimekisahau. Si neno. Wataniuliza.